Mtu wa Mbebe na Nyumba ya Firenze

Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, iliko kata ya Mbebe, inapakana na Malawi kwa Mto Songwe. Mpaka huo haukuchorwa na Walambya wala Wandali. Uliandikwa Ulaya, katika mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa tarehe 1 Julai 1890, na tangu hapo watu wa lugha moja wanaoana, wanazikana na kuuziana mahindi na maharage wakiwa raia wa nchi mbili. Huko chini, kati ya Kyela na Karonga, mto wenyewe una tabia ya kuhama. Mafuriko yakizidi hukata njia mpya kwenye udongo laini, na shamba lililokuwa upande huu linajikuta ng'ambo. Hiyo ni sababu mojawapo iliyozikutanisha serikali za Tanzania na Malawi kupanga namna ya kuutuliza mto huo. Kwa hiyo watu wa mkoa wa Songwe wanajua jambo ambalo watu wengi wa bara kwingine hulijua kwa kusoma tu: udongo ni kitu kimoja, na haki juu ya udongo huo ni kitu kingine kabisa. Mto unaweza kukuachia udongo wote na kukuondolea haki yote kwa usiku mmoja.

Naanzia hapa kwa sababu nataka kuzungumzia nyumba iliyo mbali sana na Mbebe, nyumba katika mji wa kale wa Italia, na nahofia msomaji ataona ni habari za matajiri wa Dar es Salaam. Sivyo. Mapadri na watawa wa Kitanzania wamesoma Roma kwa miongo mingi, vijana wetu wanapata nafasi katika vyuo vikuu vya Italia, wapo walioolewa na kuoa huko, na wapo wanaofanya kazi na kutuma fedha nyumbani kila mwezi. Mtu akikaa ugenini miaka saba au minane, akiwa analipa pango kila mwezi, wazo la kununua humjia lenyewe. Na huku nyumbani ndugu wanaosikia kwamba nyumba fulani Italia inauzwa bei ya pikipiki huanza kumuuliza kwa nini hanunui. Wazo hilo lina heshima yake na linastahili kujibiwa kwa hoja. Jibu langu ni moja, na nitalitetea hadi mwisho: katika mji wa kale wa ugenini, makazi hutangulia nyumba. Anayepata kwanza haki ya kuishi pale, nyumba itamfaa. Anayetanguliza nyumba akitumaini kwamba haki ya kuishi itafuata, amenunua mzigo.

Tuchukue Firenze, mji ambao Waingereza huuita Florence. Ni mji wa kuba la kanisa kuu lililojengwa na Brunelleschi na kukamilika mwaka 1436, mji wa sanamu ya Daudi aliyoichonga Michelangelo, na kitovu chake chote cha kale kiko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya Unesco tangu mwaka 1982. Mtu anayetaka nyumba ndani ya mitaa hiyo mara nyingi hapati nyumba yenye kiwanja na ua. Anapata vyumba vitatu au vinne kwenye ghorofa ya jengo lenye umri wa miaka mia tano, ngazi akishirikiana na majirani, na paa akilichangia. Yote hayo ataambiwa na dalali siku ya kwanza. Ambalo dalali anaweza asilitaje ni swali linalokuja kabla ya vyumba na kabla ya bei: je, sheria ya Italia inamruhusu mtu huyu kununua?

Kanuni za utangulizi za sheria ya madai ya Italia ya mwaka 1942, kifungu cha 16, zinasema mgeni anapata haki za kiraia anazopata Mwitaliano kwa sharti kwamba nchi ya mgeni huyo nayo inampa Mwitaliano haki hizo. Ni nipe nikupe iliyoandikwa kisheria. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya hawaguswi na sharti hilo. Mtanzania anaguswa. Sasa tujitazame wenyewe. Sheria yetu ya Ardhi, namba 4 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Mwitaliano hawezi kuja Ileje akanunua shamba la kahawa na nyumba ya kupumzikia kwa jina lake kama anavyonunua gari. Basi Mtanzania anayeishi Mbebe, asiye na kibali chochote cha kuishi Italia, akitaka kununua nyumba Firenze, ofisa wa sheria wa huko ana wajibu wa kuuliza kwanza kama mlango wetu uko wazi kwa Waitaliano, na sheria yetu ndiyo itakayotoa jibu. Wengine huona hilo ni tusi. Mimi naona ni haki kavu. Tumeifunga ardhi yetu kwa sababu nzuri, maana kijiji kisicholindwa na sheria kingekwisha kuuzwa kwa mwenye fedha wa kwanza kupita na gari. Hatuwezi kushangaa tukiulizwa swali hilohilo kwenye mlango wa mwenzetu.

Lakini sheria hiyohiyo ya Italia ina upenyo, na upenyo huo ndio kiini cha hoja yangu. Mgeni mwenye kibali halali cha kuishi Italia kwa ajili ya kazi, masomo, biashara au familia haulizwi habari ya nipe nikupe. Anasimama karibu sawa na mwenyeji. Yaani muuguzi kutoka Vwawa mwenye kibali cha kazi anaweza kununua pale ambapo mfanyabiashara tajiri wa Tunduma, mwenye fedha mara kumi zaidi lakini asiye na kibali, anaweza kukwama. Fedha hazikuamua. Kilichoamua ni nani anaishi pale.

Jambo hili si geni kwetu. Lipo dakika chache kwa miguu kutoka soko la Tunduma. Ng'ambo ya kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 ni Nakonde, Zambia. Zambia ilifuta umiliki wa ardhi wa milele mwaka 1975, na tangu hapo ardhi hukodishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 1995 inamruhusu asiye Mzambia kupewa ardhi kwa masharti, na miongoni mwa masharti hayo ni kuwa mkazi wa kudumu, au mwekezaji aliyeidhinishwa, au mtu aliyepata ridhaa ya Rais kwa maandishi. Tazama jinsi sheria ya Lusaka na sheria ya Roma, zilizotungwa na watu wasiofanana kwa lolote, zinavyouliza swali moja. Zote mbili zinataka kujua kwanza wewe ni nani pale, ndipo zitazame una nini.

Tuseme sasa mtu ameshavuka kizingiti hicho. Ununuzi wenyewe Italia una mpango ambao mimi nautamani uwepo huku kwetu. Mnunuzi huchukua kwanza namba ya kodi. Kisha hutoa barua ya nia, halafu wanasaini mkataba wa awali na mnunuzi analipa arbuni. Neno letu la kale linafaa kabisa hapa, kwa sababu arbuni ya Kiitaliano ina meno pande zote mbili: mnunuzi akighairi bila sababu ya kisheria anaipoteza, na muuzaji akighairi anairudisha mara mbili. Mwisho wanakwenda mbele ya mtu anayeitwa notaio. Huyu ni mwanasheria, lakini ameteuliwa na dola kama mtumishi wa umma, na kwa desturi mnunuzi ndiye anayemchagua na kumlipa. Anapekua daftari la ardhi kuona kama nyumba ina rehani, kama ina kesi, kama muuzaji ndiye mwenye mali. Tangu mwaka 2010, hati ya mauzo isiyotamka kwamba ramani iliyo kwenye daftari la serikali inalingana na nyumba ilivyo ni batili. Ukuta uliobomolewa kimyakimya na babu wa muuzaji mwaka 1974 unaweza kusimamisha mauzo leo. Linganisha na namna viwanja vingi vinavyouzwa kwetu: karatasi ya mauziano, saini ya mwenyekiti, mashahidi wawili, dalali na cha juu chake, na miaka mitatu baadaye anatokea mtu wa pili mwenye karatasi kama hiyo ya kiwanja hichohicho. Wanaosema Italia kuna urasimu wanasema kweli. Lakini urasimu huo ndio unaomzuia mtu wa pili asitokee.

Kwenye kodi nako makazi yanaongea. Anayenunua nyumba ya kuishi mwenyewe kutoka kwa mtu binafsi hulipa kodi ya usajili ya asilimia 2 ya thamani iliyoandikwa kwenye daftari la serikali, ambayo kwa kawaida iko chini ya bei ya soko. Anayenunua nyumba ya pili, ya kuja likizo, hulipa asilimia 9. Mgeni anaweza kupata ile ya asilimia 2, mradi ahamishie makazi yake kwenye manispaa hiyo ndani ya miezi 18. Halafu kuna kodi ya kila mwaka ya manispaa. Mwenye nyumba anayeishi ndani yake husamehewa, isipokuwa nyumba yake iwe katika kundi la majumba ya kifahari. Asiyeishi humo hulipa mwaka hadi mwaka. Sisi tangu 2021 kodi ya jengo tunakatwa kwenye LUKU, kiasi kidogo, na mita haiulizi kama mwenye nyumba analala humo au yuko Afrika Kusini. Manispaa ya Italia inauliza. Ongeza michango ya jengo: jengo lenye wamiliki zaidi ya wanane lazima liwe na msimamizi anayelipwa, na paa likivuja kila mmoja anatozwa kwa kadiri ya sehemu yake, awepo asiwepo.

Na asiyekuwepo ana tatizo kubwa kuliko yote hayo. Hati ya nyumba Italia si viza. Mtanzania mwenye pasipoti yetu huhitaji viza ya Schengen, na viza hiyo ya matembezi humpa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Akinyimwa viza, nyumba yake ataiona kwenye simu. Ipo viza ya Italia kwa watu wanaotaka kuishi huko bila kufanya kazi, lakini inadai mtu awe na kipato cha uhakika kisichotokana na ajira, kama pensheni au kodi za nyumba, cha takribani euro 31,000 kwa mwaka. Hata viza ya wawekezaji ya Italia, inayotaka mamia ya maelfu ya euro, haihesabu ununuzi wa nyumba kuwa uwekezaji. Zanzibar wamechagua njia nyingine: mgeni anayenunua nyumba kwenye miradi iliyoidhinishwa, kuanzia dola 100,000 za Marekani, hupewa kibali cha kuishi. Mwitaliano anayenunua Zanzibar anafungua milango miwili kwa ufunguo mmoja. Mtanzania anayenunua Italia anafungua mmoja, na huo wa pili unaweza ukabaki umefungwa maisha yake yote.

Sasa niingie ndani ya nyumba yenyewe, kwa sababu mji wa kale una madai yake hata kwa mtu aliyekamilisha vibali vyote. Mji wa kale tulio nao karibu ni Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingia kwenye orodha ya Unesco mwaka 2000, na nyumba zake zinafundisha vizuri kuliko kitabu. Ingia kwenye nyumba yoyote ya zamani pale utaona vyumba virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita tatu hivi. Haukuwa uchoyo wa nafasi. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na mkoko haurefuki vya kutosha kuvuka chumba kipana, kwa hiyo mti wa pwani ndio uliopima chumba. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake unaweza kuzidi nusu mita. Ukuta wa namna hiyo hupumua: hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa jua likirudi. Anakuja mwenye nyumba mpya mwenye haraka, anaona chokaa inabanduka, anaita fundi apige plasta ya saruji ili ukuta uwe safi na mgumu. Kwa mwaka mmoja au miwili nyumba inapendeza. Lakini saruji imeziba pumzi. Maji yaliyomo yanakaa ndani pamoja na chumvi, chokaa inageuka unga, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza mahali ambapo jicho halifiki. Siku moja dari inashuka. Nyumba imeuawa na mtu aliyedhani anaitengeneza.

Ndiyo maana tangu 1985 kuna mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na ndiyo maana mwenye nyumba haruhusiwi kubadili dirisha, mlango wa nakshi au ghorofa bila kibali. Na bado, kwa vibali vyote, majengo huanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na ambalo kila Mtanzania amewahi kuliona pichani, iliporomoka wakati wa kazi ya ukarabati na kuua watu wawili. Kama jumba la serikali lililokuwa likikarabatiwa kwa msaada wa Oman linaweza kuanguka, mtu mwenye vyumba vitatu na mshahara mmoja apime mara mbili anachojitwisha.

Italia masharti hayo ni makali zaidi. Sheria ya urithi wa utamaduni ya mwaka 2004 inaipa dola sauti ndani ya jengo lililotangazwa kuwa la thamani ya kihistoria. Rangi ya ukuta wa nje, fremu ya dirisha, sakafu ya kale, wakati mwingine hata mchoro uliojificha chini ya plasta ya dari, vyote vinahitaji idhini ya ofisi ya urithi. Na jengo la aina hiyo likiuzwa, dola ina siku 60 za kuamua kama inataka kulinunua yenyewe kwa bei ileile mliyokubaliana. Muda huo wote mauzo yananing'inia. Mnunuzi amelipa, amesaini, na bado hana uhakika. Si kila nyumba ya Firenze ina alama hiyo, lakini anayependa dari zenye michoro ajue michoro hiyo ina mwenye macho zaidi yake.

Msomaji anaweza kusema: huu wote ni ukali wa kumkatisha tamaa mnyonge, maana tajiri hupenya. Nitajibu kwa Venezia. Mwaka 1951 sehemu ya kale ya mji huo ilikuwa na watu wapatao 175,000. Agosti 2022 walishuka chini ya 50,000. Hakukuwa na vita wala tauni. Sababu ni nyingi, kuanzia ajira kuhamia bara hadi mafuriko, lakini mojawapo ni kwamba nyumba ziligeuka bidhaa ya watu wasioishi humo: zikanunuliwa kwa likizo, zikapangishwa kwa siku mbili mbili kwa watalii, pango la mwenyeji likapanda, na mwenyeji akahama. Duka la mboga likawa duka la vinyago vya watalii. Mwaka 2024 mji ukaanza kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 kwa siku maalumu ili kupunguza msongamano. Firenze, kwa kuogopa njia hiyohiyo, Oktoba 2023 ilipiga marufuku nyumba mpya za kupangisha kwa siku chache katika eneo lake lote la Unesco. Anayefikiri atanunua vyumba Firenze, awapangishe watalii akiwa Mbebe, na kupokea euro kila wiki, amechelewa. Na mimi sisikitiki kwamba amechelewa. Mji wenye wamiliki na usio na wakazi unabaki kuwa uwanja wa kupigia picha, na hakuna mtoto atakayezaliwa humo.

Kuna pingamizi zito kuliko hilo, na sitaki kulipita juu juu. Wapo wanaosema kwamba miji ya kale imeokolewa na wageni wenye fedha. Ukienda Lamu, ambayo Unesco iliiorodhesha mwaka 2001, na hasa kijiji cha Shela, utakuta nyumba zilizokuwa magofu zikisimama tena kwa fedha za Wazungu walioshika mafundi wa chokaa na wachonga milango wakawalipa vizuri. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 65, inawapa wageni ukodishaji usiozidi miaka 99 tu, na bado walikuja. Mji Mkongwe nao uliumia zaidi katika miaka baada ya Mapinduzi ya 1964, pale nyumba nyingi zilipotaifishwa, zikagawiwa familia kadhaa kwa nyumba moja, pango likawa dogo mno kulipia hata chokaa, na hakuna aliyejiona mwenye nyumba. Pingamizi hili ni la kweli. Wakazi peke yao, bila fedha na bila hati ya kueleweka, hawakuweza kuzisimamisha kuta. Nakubali. Lakini tazama kile ambacho ushahidi huo unathibitisha: kwamba ukuta unahitaji mtu mwenye uhakika wa kukaa na uwezo wa kutunza. Nyumba za Shela zilizopona ni zile ambazo wenyewe walikuja wakakaa miezi kwa miezi, wakajifunza jina la fundi na majira ya masika, au walimwachia mwenyeji mshahara na mamlaka. Fedha iliyofika bila mtu haikusimamisha kitu. Na hata pale ilipofanikiwa, vijana wengi wa Lamu leo hawamudu bei ya nyumba za babu zao. Gharama hiyo nayo iwekwe kwenye mizani.

Pingamizi jingine huja kwa sauti ya chini, hasa mipakani: kwa nini nisiweke jina la mwenyeji? Nakonde ana shemeji, Firenze ana rafiki, Unguja ana mke. Anunue yeye, fedha zitoke kwangu, tuaminiane. Unguja ni mfano mzuri kwa sababu watu wengi wa bara hawajui kwamba Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 humpa haki ya matumizi ya ardhi Mzanzibari, na kuwa Mtanzania wa Songwe peke yake hakutoshi. Njia ya jina la kuazima inajulikana na inatumika, na ni njia mbaya kuliko zote. Jina lililo kwenye hati ndilo lenye nyumba. Mwenye jina akifa, warithi wake watagawana nyumba yako mbele ya matanga. Akiachika, akifilisika, akikasirika, huna pa kusimama, kwa sababu ukienda mahakamani utaanza kwa kukiri kwamba mlikusudia kuizunguka sheria. Undugu unatosha kuazimana jembe na hata ng'ombe. Kuubebesha nyumba ya maisha ni kuuonea undugu wenyewe.

Habari za nyumba za euro moja nazo zimefika hadi vijiweni, basi nizimalize kwa haraka. Ni za kweli. Miji midogo kama Sambuca na Mussomeli huko Sicilia ilitangaza hivyo kwa sababu vijana wake walihama na nyumba zikawa zinaanguka barabarani. Lakini mnunuzi huweka dhamana, mara nyingi kama euro 5,000, na huahidi kukarabati ndani ya miaka takribani mitatu kwa gharama inayoweza kufika makumi ya maelfu. Hizo hazikuwekwa sokoni ili kuuza nyumba. Manispaa zile zilikuwa zinatafuta watu.

Mwisho nimgeukie yule aliye ndani kabisa ya jambo hili, kijana wa Ileje ambaye yuko Italia kihalali, anafanya kazi, na ameanza kuhesabu miaka kumi ambayo sheria ya huko inamtaka mtu asiye wa Umoja wa Ulaya aishi kihalali kabla ya kuomba uraia. Kwake nasema: nunua, kama mshahara unaruhusu na kama unakusudia kulea watoto hapo. Sheria iko upande wako, kodi iko upande wako, na mji wa kale unahitaji watu kama wewe wanaoamka ndani yake siku ya Jumatatu. Lakini siku ile ya kuapa kiapo cha uraia wa Italia, kumbuka kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Ukipokea ule, huu umeuacha, na kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ilivyotungwa, asiye raia hakuwa na ardhi kwetu ila ya uwekezaji. Hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania ni hatua njema, ila hadhi si uraia. Kwa hiyo kabla ya kutuma arbuni Firenze, kaa na wazazi na ndugu zako, hata kama ni kwa simu, mzungumze wazi kuhusu lile shamba la Mbebe: liko kwa jina la nani, nani atalilima, na hati ya kimila ya kijiji imeandikwa au bado. Kama haijaandikwa, anzia ofisi ya kijiji.